Mtakatifu Yoana wa Arc: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maisha na Urithi Wake

Watu wengi humjua Yoana kwa picha moja tu: msichana aliyevaa deraya, amepanda farasi, ameshika bendera nyeupe. Picha hiyo si ya uongo, lakini mara nyingi humfunika msichana mwenyewe, ambaye hadi leo tunaweza kumsikia akizungumza, kwa sababu makarani wa mahakama iliyomhukumu kifo waliandika majibu yake siku baada ya siku. Majibu yafuatayo yameegemea zaidi kumbukumbu za mahakama hiyo, pamoja na ushahidi uliotolewa miaka 25 baadaye na watu waliomjua tangu utoto wake.

Yoana wa Arc alikuwa nani, na jina lake halisi ni lipi?

Alizaliwa mnamo mwaka 1412 katika kijiji cha Domrémy, kando ya mto Meuse, mashariki mwa nchi ambayo leo ni Ufaransa. Tarehe ya kuzaliwa kwake haijulikani kwa hakika. Yeye mwenyewe aliiambia mahakama mwaka 1431 kwamba alidhani ana umri wa miaka 19 hivi. Baba yake, Jacques d'Arc, alikuwa mkulima mwenye nafasi ya heshima kijijini, na mama yake aliitwa Isabelle Romée. Nyumbani walimwita Jeannette, na baadaye akajulikana kwa jina la Jeanne, ambalo kwa Kiswahili ni Yoana. Jina la "d'Arc" yeye hakulitumia: alieleza kwamba kwao wasichana walifuata jina la mama, na alipojitambulisha alisema tu kuwa yeye ni "Jehanne la Pucelle", yaani Yoana Mwanamwali.

Inafaa pia kusahihisha dhana kwamba alikuwa mchunga kondoo tu. Alipoulizwa ujuzi wake alijibu kwamba mama yake ndiye aliyemfundisha sala, na kwamba katika kusokota uzi na kushona hakumwogopa mwanamke yeyote wa Rouen, mji aliokuwa akihukumiwa.

Ufaransa ilikuwa katika hali gani alipokuwa akikua?

Vita vya Miaka Mia kati ya wafalme wa Uingereza na wa Ufaransa vilikuwa vimeanza mwaka 1337, na kufikia utoto wa Yoana upande wa Ufaransa ulikuwa umevunjika vipande. Mwaka 1415 jeshi la Ufaransa lilisagwa kule Agincourt. Mwaka 1419 mtawala wa Bourgogne, jimbo lenye nguvu la mashariki, aliuawa na watu wa Charles, mrithi wa kiti cha Ufaransa, wakati wa mazungumzo yaliyokusudiwa kuleta amani, na kwa uchungu wa mauaji hayo mwanawe, Philippe, akaungana na Waingereza. Mwaka uliofuata, kwa Mkataba wa Troyes, mfalme Charles VI, ambaye alikuwa mgonjwa wa akili, alimnyima mwanawe urithi na kumpa Henry V wa Uingereza haki ya kumrithi. Wafalme hao wawili walifariki mwaka 1422, wakaacha nchi ikigombaniwa na mtoto mchanga, Henry VI, na kijana Charles aliyejificha kusini mwa mto Loire bila fedha na bila kujiamini. Kwa wanakijiji wa Domrémy, waliokuwa upande wa Charles huku majirani zao wakiwa upande wa Bourgogne, vita hivyo vilimaanisha mifugo kuporwa na familia nzima kukimbia nyumba zao usiku.

Sauti alizozisikia zilikuwa za nani?

Kwa maelezo yake, alikuwa na umri wa miaka 13 hivi aliposikia sauti kwa mara ya kwanza, wakati wa kiangazi, adhuhuri, akiwa katika bustani ya baba yake, na aliogopa sana. Baadaye alizitambua kuwa ni za Malaika Mkuu Mikaeli na za watakatifu Katerina na Margarita. Mwanzoni zilimwambia mambo ambayo mama yeyote angemwambia binti yake: awe na mwenendo mwema na aende kanisani. Ni baadaye ndipo zilipomwagiza aende kumsaidia mfalme.

Wapo waliojaribu kuzieleza sauti hizo kama dalili za maradhi fulani. Msomaji ana uhuru wa kuamua, lakini mtu akisoma majibu yake mahakamani anakutana na akili iliyo timamu na kumbukumbu kali kuliko za wengi waliomhoji. Walipomuuliza kama Mikaeli alimtokea akiwa uchi, alijibu kwa kuuliza kama walidhani Mungu hana cha kumvisha. Walipotaka kujua kama Mtakatifu Margarita alizungumza Kiingereza, aliwauliza kwa nini azungumze Kiingereza ilhali hayuko upande wa Waingereza.

Msichana wa kijijini alifikaje mbele ya mfalme?

Kwa kung'ang'ania. Mwezi Mei mwaka 1428 jamaa yake, Durand Laxart, alimpeleka Vaucouleurs kwa nahodha wa ngome, Robert de Baudricourt, ambaye alimwambia Laxart ampige makofi na kumrudisha kwa baba yake. Alirudi tena mwanzoni mwa mwaka 1429, na safari hiyo akawaambia watu kwamba ni lazima afike kwa mrithi wa kiti kabla ya katikati ya Kwaresima, hata kama ingembidi kutembea mpaka miguu iishe kufikia magoti. Wenyeji wa Vaucouleurs walimnunulia nguo na farasi, naye akasafiri kwa siku 11 pamoja na kikundi kidogo cha wanaume kupitia maeneo ya adui mpaka Chinon, alikokuwa Charles.

Charles hakumwamini kwa siku moja. Alimpeleka Poitiers, ambako wanatheolojia walimhoji kwa takriban majuma matatu, na wanawake wa heshima wakathibitisha ubikira wake, jambo ambalo enzi hizo lilihesabiwa kuwa ushahidi kwamba hakuwa na mapatano na shetani. Mtawa mmoja wa Kidominiko, aliyekuwa na lafudhi nzito ya kwao Limousin, alimuuliza sauti zake husema lugha gani, naye akajibu: lugha nzuri kuliko yako. Ni mtawa huyo huyo aliyesimulia jambo hilo miaka mingi baadaye. Walipomtaka atoe ishara, alisema hakuja Poitiers kufanya ishara. Wampeleke Orléans, na huko wangeiona.

Je, ni kweli aliongoza jeshi, na je, aliua watu?

Swali hili linahitaji jibu la makini. Makamanda kwa cheo walikuwa wengine, hasa Jean aliyejulikana baadaye kama Dunois, aliyekuwa akiulinda mji wa Orléans, pamoja na La Hire na mtawala wa Alençon. Yoana hakupewa amri juu yao wote, na mara kadhaa walikaa kupanga mambo bila yeye. Lakini ukisoma ushahidi wa wanaume hao hao, unaona kwamba askari walimfuata yeye, na kwamba palipotakiwa uamuzi wa kusonga mbele au kurudi nyuma, uzito wa neno lake ndio uliopindua mambo.

Orléans ilikuwa imezingirwa tangu tarehe 12 Oktoba 1428. Yoana aliingia mjini tarehe 29 Aprili 1429. Tarehe 4 Mei ngome ya Saint-Loup ilitekwa, na tarehe 6 ikatekwa ile ya Augustins. Tarehe 7 Mei, walipokuwa wakishambulia Les Tourelles, ngome iliyolinda mwisho wa daraja, mshale ulimpiga Yoana kati ya shingo na bega, akalia, akatibiwa kwa mafuta, kisha akarudi vitani. Jioni Dunois alitaka jeshi lirudi mjini. Yoana alimwomba asubiri kidogo, akaenda kusali peke yake katika shamba la mizabibu kwa muda mfupi, akarudi na kushika bendera yake ukingoni mwa handaki, na ngome ikaanguka. Asubuhi ya tarehe 8 Mei Waingereza waliondoka. Mji uliokuwa umezingirwa kwa takriban miezi saba ulifunguliwa siku tisa baada ya kuingia kwake.

Kuhusu kuua, yeye mwenyewe alisema kwamba hajamuua mtu yeyote, kwamba alibeba bendera ili asiue, na kwamba aliipenda bendera hiyo mara arobaini kuliko upanga wake. Hata hivyo hatutamtendea haki tukimfanya mtu wa kubeba bendera tu. Mtawala wa Alençon alishuhudia kwamba alikuwa hodari katika kushika mkuki, kupanga jeshi na hasa kupanga mizinga. Aliwakataza askari kuapa ovyo, akawataka waungame dhambi kabla ya vita, na mashahidi walisema kwamba aliwalilia hata maadui waliokufa bila kuungama.

Kwa nini kutawazwa kwa mfalme kule Reims kulikuwa na uzito mkubwa hivyo?

Kwa Wafaransa wa wakati ule, mfalme halisi alikuwa yule aliyepakwa mafuta matakatifu katika kanisa kuu la Reims, na kabla ya hapo Yoana alimwita Charles kwa jina la mrithi tu. Washauri wengi walitaka jeshi liende kwingine. Baada ya ushindi wa Jargeau, Beaugency na Patay mwezi Juni 1429, yeye alishikilia Reims, ingawa safari yenyewe ilipita katika miji iliyokuwa mikononi mwa adui. Troyes, mji ule ule uliotia jina lake kwenye mkataba wa kumnyima Charles urithi, ulifungua milango, na tarehe 17 Julai 1429 Charles VII alipakwa mafuta huku Yoana akisimama karibu na bendera yake. Alipoulizwa baadaye kwa nini bendera yake iliingia kanisani kuliko za makamanda wengine, alijibu kwamba ilikuwa imeshiriki taabu, hivyo ilistahili kushiriki heshima.

Baba yake alikuja Reims kumwona. Zawadi ambayo mfalme aliwapa watu wa Domrémy na kijiji jirani cha Greux kwa ajili yake ilikuwa msamaha wa kodi, na msamaha huo uliendelea hadi wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa.

Alikamatwa vipi?

Baada ya Reims mfalme alipendelea mazungumzo na Bourgogne kuliko vita. Shambulio la Paris la tarehe 8 Septemba 1429 lilishindwa, Yoana akajeruhiwa paja, na mfalme akaamuru jeshi liondoke. Tarehe 23 Mei 1430, alipotoka na kikosi kidogo kuisaidia Compiègne, alibaki nyuma kuwalinda wenzake waliokuwa wakirudi mjini, na daraja la lango likainuliwa kabla hajaingia. Askari wa Bourgogne walimshusha farasini kwa kumvuta. Alijaribu kutoroka, mara moja kwa kuruka kutoka mnara wa Beaurevoir, akanusurika. Hatimaye aliuzwa kwa Waingereza kwa livre 10,000, fedha ya Ufaransa ya wakati ule. Hakuna kumbukumbu yoyote inayoonyesha kwamba Charles VII, aliyekuwa na taji kichwani kwa jitihada za msichana huyu, alitoa fidia ili kumkomboa, na ni vigumu kuliandika jambo hilo bila uchungu.

Je, ni Kanisa lililomuua?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na majibu mafupi ya pande zote mbili hupotosha. Kesi ilikuwa ya kidini: ilisikilizwa Rouen na Pierre Cauchon, askofu wa Beauvais, akisaidiwa na makamu wa mchunguzi wa uzushi na makumi ya wanatheolojia na wanasheria, wengi wao wakitoka Chuo Kikuu cha Paris. Lakini gharama zililipwa na serikali ya Uingereza, Cauchon alikuwa mshauri wa serikali hiyo aliyefukuzwa katika mji wake na majeshi ya Charles, na lengo lilikuwa wazi: ikithibitishwa kwamba Yoana ni mzushi au mchawi, basi Charles alitawazwa kwa nguvu za shetani. Waliomhukumu walikuwa viongozi wa Kanisa, nao walikuwa watumishi wa mamlaka iliyokuwa vitani. Yote mawili ni kweli, na hakuna haja ya kuficha moja ili kulinda lingine.

Taratibu za Kanisa lenyewe zilivunjwa. Alipaswa kufungwa katika gereza la Kanisa akiangaliwa na wanawake, lakini alifungwa katika ngome ya Waingereza, miguu ikiwa katika minyororo, huku askari wa kiume wakilala chumbani mwake. Alijibu peke yake bila wakili. Alipoomba apelekwe kwa Papa, aliambiwa Papa yuko mbali mno.

Tarehe 24 Februari 1431 aliulizwa kama anajua kwamba yuko katika neema ya Mungu. Ulikuwa mtego: akisema ndiyo, amejidai kujua jambo ambalo Kanisa hufundisha kuwa hakuna anayelijua kwa hakika, akisema hapana, amekiri dhambi. Alijibu: "Kama simo, Mungu aniweke humo, na kama nimo, Mungu anidumishe humo." Mmoja wa makarani alisema baadaye kwamba waliokuwa wakimhoji walipigwa na butwaa. Msichana huyu hakujua kusoma.

Kwa nini mavazi ya kiume yalipewa uzito mkubwa katika kesi yake?

Alianza kuyavaa alipotoka Vaucouleurs, kwa sababu alikuwa akisafiri na kulala kati ya askari. Gerezani sababu hiyo ilizidi kuwa nzito, kwani suruali na soksi ndefu zilizofungwa pamoja kwa kamba nyingi zilikuwa kinga dhidi ya kubakwa. Tarehe 24 Mei 1431, mbele ya umati katika makaburi ya Saint-Ouen, akiwa amechoka na kutishwa kwa moto, alitia alama kwenye hati ya kukana sauti zake na akakubali kuvaa nguo za kike. Hakupelekwa katika gereza la Kanisa. Alirudishwa kwa walinzi wale wale. Siku chache baadaye alikutwa amevaa tena nguo za kiume. Aliwaambia majaji kwamba hawakutimiza ahadi zao kwake, na kwamba sauti zimemlaumu kwa kukana ili kuokoa maisha yake. Pembeni mwa maneno hayo karani aliandika kwa Kilatini kwamba hilo lilikuwa jibu la mauti. Kisheria, aliyerudia uzushi hakuwa na msamaha.

Tarehe 30 Mei 1431 aliruhusiwa kuungama na kupokea Komunyo, jambo la ajabu kwa mtu anayehukumiwa kuwa nje ya Kanisa, kisha akapelekwa uwanja wa Vieux-Marché. Aliomba msalaba, askari mmoja wa Kiingereza alimtengenezea mdogo wa vijiti, na mtawa akaleta msalaba wa kanisani na kuuinua mbele ya macho yake. Alikufa akiita jina la Yesu. Majivu yake yalitupwa katika mto Seine ili pasibaki kitu cha kuheshimiwa.

Hukumu hiyo ilibatilishwaje?

Charles VII aliteka Rouen mwaka 1449, na mwaka 1450 uchunguzi wa kwanza ukaanza. Mfalme naye hakutaka tena kusemwa kwamba taji lake lilitoka kwa mzushi. Hata hivyo aliyesimama mbele ya watu kudai haki alikuwa mama. Tarehe 7 Novemba 1455, katika kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris, Isabelle Romée, mjane mzee, aliwasilisha ombi lake kwa wajumbe wa Papa Kalisti III, akieleza kwamba alimzaa binti katika ndoa halali, akambatiza, akamlea katika hofu ya Mungu, na kwamba maadui walimuua bila haki.

Mashahidi wapatao 115 walisikilizwa: wanakijiji waliocheza naye, askari waliolala karibu naye kambini na kusema hawakuwahi kumtamani, makarani, na hata baadhi ya wale waliokaa kumhukumu. Tarehe 7 Julai 1456, kule kule Rouen, kesi ya mwanzo ilitangazwa kuwa batili. Cauchon alikuwa amekwisha kufa mwaka 1442.

Kwa nini alichukua karibu miaka 500 kutangazwa mtakatifu?

Kubatilisha hukumu si kutangaza utakatifu. Kesi ya utakatifu ilisukumwa na Félix Dupanloup, askofu wa Orléans, mwaka 1869, baada ya kumbukumbu za kesi zote mbili kuchapishwa katika miaka ya 1840. Papa Pius X alimtangaza mwenye heri tarehe 18 Aprili 1909, na Papa Benedikto XV akamtangaza mtakatifu tarehe 16 Mei 1920. Wengi hushangaa kusikia kwamba hakutangazwa kuwa mfiadini, bali bikira: kilichopimwa ni imani, matumaini na upendo wake katika maisha yote, si ushindi wa vita wala namna alivyokufa. Sikukuu yake ni tarehe 30 Mei.

Je, ana uhusiano wowote na waamini wa Afrika?

Njia moja inapitia kwa Teresia wa Mtoto Yesu, msimamizi wa misioni, anayependwa sana Afrika Mashariki. Teresia alimpenda Yoana tangu utotoni, akaandika michezo miwili ya kuigiza kumhusu ndani ya monasteri ya Lisieux, na akaigiza mwenyewe nafasi ya Yoana. Picha zake akiwa amevaa hivyo zipo hadi leo.

Aidha, wanahistoria wengi humlinganisha Yoana na Kimpa Vita wa ufalme wa Kongo, aliyesema kwamba Mtakatifu Antoni amemjia, akataka kuunganisha ufalme uliosambaratishwa na vita, akachomwa moto mwaka 1706 akiwa kijana wa miaka ya ishirini. Mafundisho yao hayafanani, na Kanisa halijamtangaza Kimpa Vita, lakini ulinganisho huo una mantiki.

Ni vitu gani vyake vilivyobaki?

Ni vichache. Mifupa iliyohifadhiwa kwa muda mrefu kama masalia yake ilipimwa na wanasayansi, na mwaka 2007 ikatangazwa kuwa ya maiti ya kale ya Misri iliyokaushwa, pamoja na mfupa wa paka. Vilivyo vyake kwa hakika ni barua alizowatamkia waandishi waziandike, na tatu kati yake zina sahihi yake, herufi zikiwa zimeandikwa kwa mkono wa mtu anayejifunza. Mojawapo ilitumwa kwa wakazi wa mji wa Riom tarehe 9 Novemba 1429. Haina sala ndefu wala unabii. Anawaomba baruti, shura, salfa, mishale na pinde imara kwa ajili ya mji anaokwenda kuuzingira, anawasihi wasichelewe, na chini kabisa ameandika kwa mkono wake: Jehanne.